Matembezi ya afya: mkulima anayeshinda shambani naye yanamhusu?

Kila tunaposoma hewani tangazo la matembezi ya afya, simu ya studio hutuletea swali lile lile kwa maneno tofauti. Mama ameamka saa kumi na moja alfajiri, amechota maji bondeni, amepalilia migomba hadi jua la utosi, amerudi nyumbani na mzigo wa kuni kichwani. Halafu redio inamwambia atembee nusu saa kwa ajili ya afya yake. Atembee aende wapi tena?

Swali hilo ni la haki na hatutalijibu kwa utani. Makala haya yanaeleza matembezi ya pamoja yalikotoka, yanafanya nini ndani ya mwili, yanamfaa nani hasa hapa Nyakahanga na kwingineko Karagwe na Kyerwa, na namna ya kuyaanzisha kijijini bila kumuumiza mtu. Kama una presha au sukari na bando linakaribia kuisha, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho, "Kabla ya kuvaa viatu".

Jumamosi ya pili ya mwezi

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua Dar es Salaam kampeni ya kitaifa ya mazoezi kwa ajili ya kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza. Hayo ni magonjwa kama presha, kisukari, magonjwa ya moyo na saratani, ambayo huyapati kwa kukaa karibu na mgonjwa. Agizo lilikuwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Novemba 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazindua Dodoma Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, na siku hizi kila Novemba kuna wiki ya kuyazungumzia na kupima watu. Ndugu zetu wa Zanzibar wana siku yao, tarehe 1 Januari, vikundi vya mazoezi vinapoingia barabarani mwaka unapoanza.

Majirani zetu nao hawakukaa kimya. Ng'ambo ya mto Kagera, jiji la Kigali lilianza Mei 2016 kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari asubuhi moja ya Jumapili kila mwezi, watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Februari 2018 wakaongeza, ikawa Jumapili mbili kwa mwezi. Uganda ilizindua siku yake ya kitaifa ya mazoezi Julai 2018. Na wengi mtakumbuka Aprili 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Rais Museveni alionekana kwenye video akipiga pushapu pekupeku ofisini kwake, akiwa na umri wa miaka 75.

Cha kujifunza Kigali si zile barabara kufungwa. Sisi huku hatuna msongamano wa magari wa kufunga. Cha kujifunza ni kwamba anayefika kwenye matembezi yale hukuta meza ya wahudumu wa afya, akapimwa presha, sukari na uzito bila malipo. Anakuja kwa ajili ya ngoma na watu, anaondoka akijua namba zake. Tutairudia meza hiyo, kwa sababu kwa maoni yetu ndiyo iliyobeba jambo lote.

Lakini tusijifanye kwamba mambo haya yameletwa na kampeni. Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania tuliamshwa na mchakamchaka. Asubuhi na mapema, vumbi au umande, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Hakuna aliyetuambia ni kinga ya kisukari. Na Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Ilikuwa siasa, si tiba, lakini inaonyesha kwamba kutembea pamoja kwa ajili ya jambo fulani si kitu kigeni hapa kwetu. Kilichobadilika ni jambo lenyewe.

Ugonjwa uliokuwa wa mjini

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake. Walikuwa wamepima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu 100. Mwaka 2012 ukafanyika uchunguzi wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Safari hii wenye kisukari walikuwa takriban 9 katika kila 100, na wenye presha 26 katika kila 100.

Namba hizi mbili haziwekwi kwenye mzani mmoja moja kwa moja. Ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tupu na ulihusisha hata vijana wa miaka 15, huu wa pili ulichukua mijini na vijijini na kuanzia watu wazima. Hata ukipunguza tofauti hiyo, bado kuna kitu kimetokea katikati.

Kwa sehemu, kilichotokea tunakiona kila siku pale njia panda ya Omurushaka. Zamani mtu aliyetoka kijijini kwenda Kayanga kununua sabuni alitembea. Leo anapiga simu, bodaboda inamfuata mlangoni. Mwenye duka anakaa kwenye kiti tangu saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Mwalimu, karani wa chama cha msingi, fundi cherehani, wakala wa pesa za simu, na dereva wa bodaboda mwenyewe, wote wanashinda wamekaa. Wanakula ndizi na maharage kiasi kile kile walichokula baba zao walioshinda na jembe, na juu yake soda.

Konda na dereva

Habari ya dereva wa bodaboda inatukumbusha utafiti mmoja wa zamani ambao tunaupenda kwa sababu hauhitaji elimu kubwa kuuelewa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alijiuliza kwa nini mshtuko wa moyo ulikuwa unaua watu wengi. Akawachunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva na konda walifanya kazi ndani ya basi moja, wakitoka mitaa ile ile na kulipwa karibu sawa. Tofauti kubwa ilikuwa moja. Dereva alikaa siku nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, mamia ya ngazi kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953. Makonda walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata hawakufa haraka kama madereva. Morris mwenyewe aliendelea na mazoezi, akafa akiwa na miaka 99.

Sasa angalia dereva wetu wa bodaboda. Siku nzima yuko safarini, kilomita kwa kilomita, na jioni anasema amechoka kweli. Amechoka, lakini miguu yake haijafanya kazi. Ukitutaka tutaje mtu mmoja katika Karagwe anayehitaji matembezi kuliko wengine, tungemtaja yeye kabla ya mama wa kuni.

Nchini China, katika mji wa Da Qing, mwaka 1986 watafiti walianza kuwafuatilia watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini bado haijafikia kisukari. Wengine waliachwa waendelee na maisha yao, wengine wakasaidiwa kurekebisha chakula, wengine kufanya mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya miaka 6, kati ya kila watu 100 walioachwa, 68 walikuwa na kisukari. Kwa wale wa mazoezi walikuwa 41. Wote walikuwa wakihudumiwa kwenye vituo vya kawaida vya afya, bila mashine za gharama. Walipofuatiliwa hadi miaka 30, waliosaidiwa mwanzoni walikuwa na matukio machache zaidi ya moyo na kiharusi.

Marekani nako, mwaka 2002, utafiti wa watu zaidi ya 3,000 wa aina hiyo hiyo ulionyesha kwamba dakika 150 za kutembea kwa wiki, pamoja na kupunguza uzito kidogo, zilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini, ile ambayo wengi wenu mnaifahamu, ilipunguza kwa asilimia 31. Tafadhali soma sentensi hii mara mbili: hao walikuwa watu ambao bado hawajapata kisukari. Mwenye kisukari tayari haachi dawa kwa sababu ameanza kutembea.

Ndani ya mwili kinachotokea ni hiki. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuichoma, na huweza kufanya hivyo hata kama homoni ya insulini imekuwa dhaifu. Ndiyo maana kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula kunasaidia kuliko kulala palepale baada ya sahani ya ndizi. Mishipa ya damu nayo hulegea na kupanuka. Kwa mwenye presha anayefanya mazoezi mara kwa mara, namba ya juu hushuka kwa pointi 5 hadi 8. Si nyingi kwa aliye na 180, lakini kwa aliye na 142 inaweza kumrudisha chini ya mstari. Misuli ikishapumzika, faida kwenye sukari hudumu siku moja au mbili, kisha huisha.

Hapo ndipo penye udhaifu wa Jumamosi ya pili ya mwezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Matembezi ya saa mbili mara moja kwa mwezi, hata yakiwa na brasibendi na mkuu wa wilaya mbele, ni dakika 120 kwa mwezi. Siku ile inafaa kama mlango. Anayesimama mlangoni mwezi mzima akisubiri Jumamosi nyingine hajaingia ndani.

Basi mkulima afanye nini?

Tumjibu sasa mama yetu wa kuni. Dakika zako, mama, umeshazitimiza, pengine hadi Jumatano tu za wiki nzima zimekwisha. Kupalilia, kuchota maji, kupanda kilima kwenda shambani, vyote vinahesabika. Mtu akikuambia wewe ni mvivu wa mazoezi, usimsikilize.

Lakini kuna mambo matatu ambayo jembe halikukingi nayo. Kwanza, kazi ya shamba huja na kuondoka. Msimu wa kuchuma kahawa unahangaika, msimu mwingine unakaa. Na mwili ukizeeka, shamba wanachukua watoto, wewe unabaki kibarazani na chakula kile kile. Pili, kuinama na kubeba mzigo mzito kwa saa nyingi si sawa na kutembea mikono mitupu. Mgongo unalipa, na presha hupanda wakati wa kubeba. Tatu, na hili ndilo kubwa, presha haimtazami mtu umbo. Umri, ukoo, chumvi, rubisi na konyagi za kila jioni, sigara, vyote vinamfikia mkulima mwembamba. Chumvi inayopendekezwa kwa siku nzima haizidi kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha ile iliyomo kwenye dagaa wa kukausha. Mtu anaweza kulima ekari nzima kwa mkono, akaanguka na kiharusi akiwa na jembe mkononi, na ndugu wakasema amerogwa.

Kwa hiyo mkulima akija kwenye matembezi ya kijiji, hatumwiti kwa ajili ya hatua. Tunamwita kwa ajili ya ile meza ya kupimia.

Unene wa heshima, wembamba wa mashaka

Kuna sababu nyingine inayowazuia watu wetu, na haisemwi kwenye mabango.

Novemba 1861 wasafiri wa Kiingereza, Speke na Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke anaeleza wanawake wa nyumba ya kifalme waliokuwa wakinyweshwa maziwa hadi wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama wenyewe. Aliomba ruhusa akampima mmoja wao mkono, kifua na paja, kwa mshangao wa mtu wa nje. Kwa wenyeji haikuwa ajabu. Mwili ule ulisema kwamba nyumba ina ng'ombe, na kwamba mwenye nyumba hana dhiki ya kumtuma mkewe shambani.

Baadaye ikaja hofu ya upande wa pili. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini walitoka mkoa huu wa Kagera. Miaka iliyofuata karibu kila ukoo ulizika. Katika miaka ile kukonda kulikuwa hukumu. Aliyelegeza mkanda wa suruali alipumua, aliyeukaza alianza kunong'onwa.

Miaka imepita, dawa zipo, lakini jicho la jirani halijasahau yote. Mwanamke akianza kutembea, akapungua kilo tano, ataulizwa kisimani kama anaumwa. Mwanaume akipungua, mkewe ataulizwa kama anampikia. Hatuwezi kuwalaumu watu kwa kuogopa maneno. Tunachoweza kusema ni kwamba anayetembea peke yake hunong'onwa, wanaotembea 20 wamevaa kanga na makoti yao hawanong'onwi, maana kila mtu anajua wanakokwenda. Hiyo ni faida ya kikundi ambayo haimo kwenye vitabu vya madaktari.

Na kama hutaki habari za kilo kabisa, chukua kamba. Ipime sawa na urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana bila kuvuta tumbo ndani, vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama mikono na miguu yako ni myembamba.

Kikundi cha kijijini kinavyoanzishwa

Kwanza, msitafute siku mpya. Tafuteni mahali ambapo watu tayari wanakutana. Kikundi cha VICOBA kinachokaa kila wiki kinaweza kutembea nusu saa kabla ya kuhesabu hisa. Kwaya inaweza kutembea kabla ya mazoezi ya nyimbo. Wazee wa msikitini wanaweza kuzunguka baada ya swala ya alfajiri. Vikundi vinavyoundwa kwa ajili ya matembezi pekee huanza na watu 60 wiki ya kwanza na kubaki na 4 mvua zikianza.

Pili, fulana. Tumeona michango mingi ikiishia kwenye fulana zenye maandishi mgongoni. Kikundi kikiwa na pesa ya fulana 20 kina pesa ya mashine ya presha ya kufunga mkononi. Tunaomba radhi kwa mafundi wa kuchapa fulana, lakini nunueni mashine. Na mashine bila mtu wa kuisoma ni pambo, kwa hiyo ongeeni na zahanati yenu. Mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu wawili kila kitongoji, mwanamke na mwanaume. Kama kwenu wameshafika, kikundi cha matembezi ni kazi yao kabisa. Mwarifuni pia mtendaji wa kijiji, asije akaona watu 30 barabarani alfajiri akadhani ni maandamano.

Njia ichagueni nyinyi mnaoijua milima yenu. Vijiji vyetu vingi vimekaa juu ya mgongo wa kilima, na barabara ya juu huko ndiyo tambarare. Wanaoanza wabaki juu. Anayeshuka bondeni akiwa na nguvu atarudi amechoka akipanda, na magoti yataumia zaidi kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda. Wiki ya kwanza tembeeni dakika 10 kwenda na kurudi, kisha ongezeni taratibu hadi 30. Siku ya kikundi ni moja kwa wiki, siku nyingine nne kila mmoja na familia yake.

Mwendo uwe ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba wimbo mzima. Mtauliza mchakamchaka je, mbona tuliimba? Siri yake ni kupokezana. Anayeanzisha hupumua wengine wakiitikia, na wanaoitikia hupumua yeye akianzisha. Anayeongoza mwendo asiwe kijana mwenye raba mpya. Mbele awekwe aliye wa polepole kuliko wote, wengine wamfuate yeye.

Habari za hatua 10,000 kwa siku zisiwasumbue. Namba hiyo ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa biashara nzuri. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wengi wenye miaka 70 na kitu, ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa wakifa kwa uchache zaidi kuliko wa hatua 2,700, na baada ya hatua 7,500 faida haikuongezeka sana. Simu janja yako huenda inahesabu hatua bila wewe kujua. Mwenye kitochi atumie saa.

Barabarani tembeeni upande wa kulia ili mkabiliane na magari yanayokuja, mistari miwili na si zaidi. Lami imeleta raha na mwendo kasi. Alfajiri vaeni nguo nyeupe au za rangi ya kung'aa, wa mwisho ashike tochi inayowaka, kwa sababu zipo bodaboda zinazotembea bila taa. Radi ikianza, hakuna ushujaa. Ahirisheni.

Kabla ya kuvaa viatu

Pima kwanza. Kaa umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono wazi bila nguo usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo usivute sigara wala kunywa kahawa, na kahawa ya kutafuna inahesabika. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikibaki hapo nenda zahanati. Unaweza kuendelea kutembea. Ikisoma 180/110 au zaidi, usitembee na kikundi siku hiyo. Nenda kituo cha afya, na kama pia una maumivu ya kichwa makali, kifua kubana, macho kufifia au upande mmoja wa mwili kulegea, ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Kwa walio karibu nasi hiyo ni Hospitali ya Nyakahanga ya Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, ambayo kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya wilaya.

Sukari ikipimwa kabla ya kula chochote asubuhi na ikafika 7.0 au zaidi, hicho ni kiwango cha kisukari, na kipimo kitarudiwa ili kuthibitisha.

Wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge vya sukari wanaweza kushukiwa na sukari njiani. Mtu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, na wenzake wanaweza kudhani amekunywa. Mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida, akae chini, msimwache peke yake. Akiwa hawezi kumeza, msimlazimishe, mkimbizeni hospitali. Kila kikundi kiwe na pakiti ndogo ya sukari mfukoni mwa kiongozi. Mwenye dawa hizo asitembee na njaa.

Miguu ya mwenye kisukari huweza kupoteza hisia, akakanyaga msumari asijue. Ndala na pekupeku havimfai. Katambuga ni imara lakini huacha vidole wazi. Atafute kiatu kinachofunika vidole, kisichobana, avae na soksi, na kabla ya kukivaa aingize mkono ndani kuangalia kama kuna kokoto. Jioni aangalie nyayo, au amwombe mjukuu aangalie. Kidonda chochote kionwe na mhudumu mapema. Yule Grant aliyekuja na Speke aliugua mguu hapa hapa Karagwe, akabaki miezi kadhaa mwenzake akiendelea na safari, na alipoondoka Aprili 1862 alibebwa kwa machela.

Mama mjamzito anaweza kutembea mwendo wa wastani kama kliniki haijamkataza. Aliyewahi kupata maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi akiwa amekaa, au kuvimba miguu yote miwili aonane na daktari kwanza. Njiani, kifua kikibana, kizunguzungu kikija au moyo ukienda mbio bila mpangilio, simama na umwambie mwenzako palepale.

Dawa ulizoandikiwa zinaendelea. Presha ikishuka baada ya miezi mitatu ya kutembea, beba daftari lenye namba zako zote, tarehe kwa tarehe, umwonyeshe daktari. Yeye ndiye atakayeamua kama kidonge kinapunguzwa.